Ugumu wa maji kwenye tangi la samaki: kwa nini maji ya Ziwa Victoria hayahitaji kutiwa chumvi

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo hapa Musoma huambiwa jambo moja mapema: samaki wa Afrika wanataka maji magumu yenye madini mengi. Ushauri huo umeandikwa kwenye makopo ya vyakula vya samaki, umo kwenye video za mtandaoni, na wauzaji wengi wanaurudia. Basi mtu wa Bweri anajaza tangi la kioo kwa maji ya bomba, anatia chumvi kijiko baada ya kijiko au kipande cha magadi, na baada ya siku chache samaki wanaanza kuelea.

Ushauri wenyewe si uongo, ila unawahusu samaki wa maziwa mengine. Ziwa Tanganyika lina maji magumu na Ziwa Nyasa lina maji ya kiasi. Ziwa Victoria, ambalo ndilo linalojaza mabomba ya Musoma, lina maji laini. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, namna ya kupima maji uliyonayo, na namna ya kuyarekebisha pale inapolazimu.

Maneno manne ya kuyajua

*Ugumu wa jumla (GH).* Ni kiasi cha kalisi na magnesi kilichoyeyuka kwenye maji. Samaki huyahitaji madini haya kwa mifupa, magamba na kazi za mwili, na huyapata kwenye chakula na kwenye maji pia. Hupimwa kwa digrii. Digrii 1 ni sawa na miligramu 17.8 za kalisi kaboneti kwa lita.

*Ugumu wa kaboneti (KH).* Ni kiasi cha bikaboneti na kaboneti. Kazi yake ni kuzuia maji yasigeuke ghafla kuwa ya asidi. Maji yenye KH kubwa hayayumbi kwa urahisi, na maji yenye KH ndogo huyumba kwa jambo dogo.

*pH.* Ni kipimo cha asidi na alkali. Namba 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali.

*TDS.* Ni jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka. Kalamu ya kupimia TDS, kama ile wanayotumia wenye mashine za kuchuja maji ya kunywa, haijui kalisi wala chumvi ya jikoni. Inajumlisha tu. Ukitia chumvi ya mezani namba itapanda, lakini GH na KH hazitasogea hata kidogo, kwa sababu chumvi hiyo ni sodiamu na kloridi.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Maji ya chumvi na maji magumu ni vitu viwili tofauti. Chumvi ina matumizi yake katika kutibu baadhi ya magonjwa ya samaki, kwa muda mfupi na kwa kipimo, lakini haifanyi maji laini kuwa magumu.

Maziwa matatu, maji matatu

Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Mvua haina madini. Mito kama Mara na Kagera huongeza kidogo, lakini ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 linabaki kuwa na maji mepesi. Vipimo vya kawaida ni GH kati ya digrii 1 na 2, na KH kati ya 2 na 3. KH imezidi GH kwa sababu sehemu ya bikaboneti imeambatana na sodiamu badala ya kalisi. Kwa hiyo haya ni maji laini, lakini yenye alkali kidogo. pH yake mara nyingi huwa kati ya 7.5 na 8.5, na kwenye ghuba zenye mwani mwingi hupanda hadi 9 wakati wa jua kali.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470. Maji yake hukaa muda mrefu sana kabla ya kutoka, na madini hujikusanya, hasa magnesi. GH yake ni kama digrii 10 au 11, KH ni kama 16 hadi 18, na pH iko karibu na 9. Ziwa Nyasa liko katikati: GH ni kama 4 au 5, KH ni kama 6, na pH ni kati ya 7.7 na 8.6.

Tukilinganisha kwa uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda kadiri vitu vilivyoyeyuka vinavyoongezeka, Victoria ina takriban mikrosiemensi 100 kwa sentimita, Nyasa 250 na Tanganyika 650. Samaki wa mapambo kutoka Kigoma, na wale wa Nyasa wanaoitwa mbuna, ndio walioenea kwanza katika maduka ya Ulaya na Marekani. Vitabu viliandikwa kwa ajili yao, kisha neno "Afrika" likawekwa juu ya wote. Furu wetu wakaingizwa kwenye kapu lisilo lao.

Samaki mwenye jina la Mwalimu

Mfano mzuri uko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, Witte-Maas na Frans Witte, walimpa samaki mmoja jina la *Haplochromis nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Baadaye aliwekwa katika kundi lililopewa jina la Kiswahili, *Pundamilia*, kwa sababu ya milia yake myeusi. Dume aliyekomaa ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye milia hiyo. Huishi kwenye mawe, na leo anafugwa kwenye matangi katika nchi nyingi.

Mfugaji wa ng'ambo mwenye bomba la maji magumu humzoesha samaki huyu maji yake, na mara nyingi hufaulu, maana furu ni wavumilivu. Lakini mtu wa Bweri ana maji yaleyale ambayo samaki huyu aliumbiwa, tena kwa bei ya bomba. Hana sababu ya kuyageuza yawe ya Kigoma.

Furu wa Victoria wamepita katika dhoruba kubwa. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka au kubaki chache sana. Halafu maji yakachafuka kwa mbolea na majitaka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la *Science* kwamba maji yanapokuwa na tope, majike hushindwa kuona rangi za madume, na mipaka kati ya aina moja na nyingine hufifia. Kwa hiyo, kwa furu, maji maangavu si pambo tu.

Maji ya bomba ya Musoma: uzuri wake na udhaifu wake

Maji yanayosambazwa na mamlaka ya maji ya Musoma, MUWASA, hutoka ziwani. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama nao unavuta maji ya ziwa hadi maeneo yaliyo mbali na ufuko. Maji hayo yakisafishwa hutiwa klorini. Klorini huua vijidudu vya magonjwa, lakini huunguza pia mashavu ya samaki na kuua bakteria wema wa kwenye chujio. Yaweke kwenye ndoo pana bila mfuniko kwa saa 24, ukiyakoroga mara kwa mara, kabla ya kuyamimina tangini. Jua pia kwamba popote maji yanaposafishwa kwa shabu, shabu hula sehemu ya KH. Maji ya bomba yanaweza kuwa na KH ndogo kuliko ya ziwani.

Udhaifu wa maji haya uko kwenye KH, wala si kwenye GH.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na kinyesi. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti na kisha naitreti, na katika kazi hiyo hutoa asidi. Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula takriban miligramu 7 za alkali, ikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Maji ya ziwa yana miligramu kama 45 hadi 50 tu kwa lita. Ukigawa, utaona kwamba naitreti ikifika karibu miligramu 30 kwa lita, hali ya kawaida kwa tangi lililojaa samaki na lisilobadilishwa maji, akiba yote imekwisha.

KH ikiisha, pH huporomoka. Ikikaribia 6, bakteria hupunguza kazi au huacha kabisa. Amonia hujikusanya, lakini kwenye maji ya asidi huwa karibu yote iko katika umbo lisilodhuru sana, kwa hiyo samaki hudumaa tu na kupoteza rangi. Mwenye tangi haoni hatari.

Hatari huja siku anayoamua kurekebisha kwa mara moja. Katika joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu ya amonia iliyo sumu ni chini ya asilimia 1. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 5. pH ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi moja. Mtu anayetia kipande cha magadi, au kubadilisha karibu maji yote kwa siku moja, anaweza kuipandisha pH kutoka 6 hadi 8 au 9 kwa saa moja. Amonia iliyokuwa imelala inageuka sumu, na kufikia asubuhi samaki wote wamekufa. Mwenye tangi hulaumu bomba au muuzaji, kumbe kilichoua ni mrukio wenyewe.

Ukikuta tangi la zamani lenye pH ya chini, acha kulisha kwa siku moja au mbili. Badilisha asilimia 10 tu ya maji kila siku hadi pH ipande taratibu, na usitie dawa ya kuipandisha.

Maji ya kisima na maji ya mvua

Wanaotumia visima Bunda, Butiama na pembezoni mwa Musoma wanajua kwamba visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana. Kimoja hutoa povu zuri la sabuni, kingine kinaacha ukoko mweupe kwenye birika. Maji yaliyopita kwenye miamba huchukua madini ya miamba hiyo, na katika baadhi ya maeneo ya Mara floraidi nayo ni tatizo. Hakuna namba moja ya "maji ya kisima". Pima kisima chako, na kirudie baada ya msimu kubadilika.

Maji ya mvua hayana GH wala KH ya kutajika. Yanafaa kupunguza ukali wa maji magumu, lakini tangi lisijazwe kwa mvua peke yake, kwani halitakuwa na kinga yoyote dhidi ya asidi. Acha mvua ya kwanza isafishe paa, na usikinge kwenye mabati mapya, maana zinki yake ni sumu kwa samaki.

Kupima bila maabara

Njia ya kwanza ni sabuni. Chukua chupa mbili za nusu lita zinazolingana. Moja jaza nusu maji ya mvua, nyingine nusu maji yako. Tia kila moja kipande kidogo cha sabuni ya mche chenye ukubwa uleule, kisha tikisa mara 20. Maji laini yatatoa povu jingi linalodumu. Maji magumu yatatoa povu kidogo na ukungu mweupe. Usitumie sabuni ya unga, kwani imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu.

Njia ya pili ni birika. Ukoko mweupe baada ya kuchemsha unaonyesha bikaboneti ya kalisi. Usipoona ukoko, usihitimishe kuwa maji hayana madini, kwa sababu kuna ugumu usiotoka kwa kuchemsha.

Njia ya tatu ni vipimo vya matone au karatasi za rangi vya GH, KH na pH. Matone ni sahihi zaidi. Ukilazimika kununua kimoja tu kwa tangi la maji ya bomba la Musoma, nunua cha KH, kwa sababu ndicho kitakachokuonya mapema. Pima kila wiki, saa ileile. Tangi lenye maji ya kijani au mimea mingi huwa na pH ya chini alfajiri na ya juu alasiri, na KH ikiwa ndogo mabadiliko hayo huwa makubwa.

Kurekebisha kwa kipimo

Kwanza jua lita zako. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112. Ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, hesabu lita 95 hadi 100.

- *Kubadilisha maji.* Robo ya maji kila wiki ndiyo dawa ya kwanza. Inaleta KH mpya na kuondoa naitreti. Tangi lisilo na samaki wengi halihitaji zaidi ya hapo.
- *Baking soda.* Ni bikaboneti ya sodiamu na inapandisha KH peke yake. Gramu 3 hupandisha lita 100 kwa digrii 1. Iyeyushe kwenye maji ya kubadilishia, na usipandishe zaidi ya digrii 1 kwa siku.
- *Magadi.* Yaache jikoni yalainishe maharage. Yana kaboneti kali inayorusha pH juu ghafla, kiasi chake hakitabiriki, na yanaweza kuwa na floraidi nyingi.
- *Chumvi ya Epsom.* Ni salfeti ya magnesi. Gramu 4.4 hupandisha GH ya lita 100 kwa digrii 1, bila kugusa KH. Haileti kalisi.
- *Makombe na mawe ya chokaa.* Weka kiganja kimoja ndani ya chujio. Huyeyuka polepole maji yanapoelekea asidi na hutulia maji yanapokuwa ya alkali, kwa hiyo hujirekebisha yenyewe. Kulijua jiwe, lidondoshee siki au ndimu. Likitoa mapovu lina chokaa. Miamba ya graniti iliyotapakaa Musoma haitoi mapovu, na ni pambo salama lisilobadilisha maji.

Ukikusanya makombe ufukweni, chukua yaliyo makavu nchi kavu, yachemshe na uyaanike. Usiingie majini kuyatafuta na usilete konokono hai nyumbani. Baadhi ya konokono wa ziwani hubeba kichocho, na mikono yako itakuwa ndani ya tangi kila wiki. Ukichota maji ziwani badala ya bomba, yaache siku mbili bila konokono kabla ya kuyashika.

Kuchanganya maji ni hesabu rahisi. Kama bomba lina GH 1.5 na kisima kina 20, sehemu tatu za bomba na moja ya kisima hutoa (1.5 + 1.5 + 1.5 + 20) ÷ 4, yaani digrii 6 hivi. Hii ni njia ya bei nafuu kuliko madini ya dukani, mradi maji ya kisima hayana chumvi wala uchafu.

Maji yakipungua kwa joto, madini hayaondoki nayo. Anayejazia tu maji ya kisima wiki hadi wiki anapandisha ugumu bila kujua. Jazia kilichokauka kwa maji ya mvua au bomba, na bado ubadilishe maji kama kawaida.

Samaki gani kwa maji gani

Furu wa Victoria na sato wadogo wanaishi vizuri kwenye maji ya bomba kama yalivyo, KH ikilindwa isishuke chini ya 2. Gapi na moli, wanaouzwa sana kwa wanaoanza, wanapenda maji magumu. Kwenye maji ya ziwa pekee hubana mapezi, hutikisika mahali pamoja na kufa mapema. Wao ndio wanaostahili mchanganyiko wa kisima wa digrii 6 au zaidi. Samaki wa Tanganyika wanahitaji GH, KH na pH za kwao, gharama isiyoisha kwa mtu wa Bweri. Samaki wa dhahabu huvumilia vyote viwili, ila huchafua sana na humaliza KH haraka.

Samaki mpya asimwagwe tangini moja kwa moja. Mweke kwenye ndoo na maji aliyokuja nayo, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika 5 au 10 kwa muda wa saa moja. Mwili wake unahitaji muda kulingana na madini mapya. Akitoka kwenye maji magumu kuja kwenye laini, ongeza muda.

Kukamata samaki ziwani kunasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, kwa hiyo muulize afisa uvuvi wa eneo lako kabla ya kuvua furu kwa ajili ya tangi au biashara. Na samaki uliyemchoka usimrudishe ziwani, hata kama asili yake ni huko, maana anaweza kubeba magonjwa ya dukani. Kwa wa kigeni ndiyo usithubutu kabisa. Sangara naye aliingizwa kwa mikono ya watu waliodhani wanaongeza samaki tu.

Kwa ufupi

Usitie kitu chochote kwenye maji ambayo hujayapima. Kwa maji ya bomba ya Musoma, linda KH kwa kubadilisha robo kila wiki na kuweka makombe machache kwenye chujio. Kwa maji ya kisima, pima GH kisha changanya. Na mabadiliko yoyote unayotaka kuyafanya, yagawe katika siku kadhaa. Furu wanaweza kuzoea maji mengi, wakipewa muda.